Umeuza Ngapi, Umebakisha Ngapi? Meli za Kitalii na Hesabu ya Bandari

Miaka michache iliyopita tuliwatuma wanafunzi wetu wa ualimu kwenye gati dogo la ziwa Kivu, siku ambayo boti la abiria huegesha, wafanye zoezi la hesabu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: wawaulize wauzaji ishirini wamepata fedha kiasi gani siku hiyo, wajumlishe, wagawanye, walete wastani darasani. Kijana mmoja alirudi na karatasi yenye majibu kumi na tisa tu. Muuza sambaza mmoja, mama wa makamo, alikuwa amemjibu kwa swali: "Mwanangu, unaniuliza nimeuza ngapi, au nimebakisha ngapi?" Kijana hakuwa na safu ya kuandikia jibu la namna hiyo. Nasi tulioitengeneza karatasi hatukuwa tumeifikiria.

Swali hilo limeturudia hivi karibuni kwa njia tusiyoitarajia. Vijana wa kikundi kimoja cha parokia walikuwa wakitazama katika simu picha ya meli ya kitalii, jumba jeupe linaloelea, lenye ghorofa zaidi ya kumi, mabwawa ya kuogelea na maduka ndani yake. Mmoja wao alikuwa amesoma kwamba kila abiria wa meli hizo huacha dola 100 katika kila bandari anakoteremka. Hesabu ikafanyika papo hapo: watu 5,000 mara dola 100, nusu milioni ya dola kwa siku moja. "Bandari moja tu ya namna hiyo," akasema, "nasi tungesahau shida." Wenzake walikubali. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa namba yenyewe haikuwa ya uongo, na ni vigumu kupingana na kitu kisicho cha uongo bila kukaa chini na kukifungua. Makala haya ndiyo kukaa chini kwetu.

Ni kweli kwamba nchi yetu haimo katika biashara hiyo. Pwani yetu ni fupi, kilomita 40 hivi, na Matadi tunaijua kwa makontena, si kwa watalii. Lakini Mombasa, ambako sehemu ya bidhaa zinazofika mashariki mwa Kongo hupitia, imekwisha kujenga jengo maalumu la kupokea abiria wa meli za kitalii, kwa hiyo mazungumzo haya yamekwisha kufika kwa jirani. Zaidi ya hayo, namna ya kuhesabu inayotumika kwa meli ndiyo hiyohiyo inayotumika kwa mgodi, kwa barabara na kwa bwawa la umeme. Anayeielewa kwenye meli ataitambua siku atakapoletewa nyumbani na mgeni mwenye tai na karatasi nzuri.

Dola 100 za vijana wetu zina asili inayojulikana. Chama cha kampuni za meli za kitalii zinazosafiri Florida na visiwa vya Karibi, pamoja na nchi na bandari zinazokubali kushiriki, huagiza uchunguzi kila baada ya miaka michache. Uchunguzi wa msimu wa 2017/2018 uligusa nchi na bandari 36. Ulihesabu ziara milioni 25.2 za abiria walioteremka nchi kavu, ukakadiria kwamba kila ziara ilileta wastani wa dola 101.52. Ukijumlisha na matumizi ya mabaharia, na malipo ya kampuni zenyewe kwa bandari na kwa wenye huduma, jumla ilifika dola bilioni 3.36. Tunaomba msomaji asimame kwenye neno "ziara". Abiria yuleyule akiteremka Jumatatu katika kisiwa kimoja na Jumanne katika kingine, huhesabiwa mara mbili. Hilo si kosa, maana anatumia fedha mara mbili. Ila anayelibeba neno hilo na kusema "watu milioni 25" amekwisha kuteleza. Na aliyesema "watu 5,000 mara dola 100" ameteleza pia, kwa kuwa wastani ule ni wa walioteremka, na katika kila bandari wapo wanaobaki melini wakiota jua kando ya bwawa. Chakula chao wamekwisha kukilipia, kwa nini wahangaike?

Wastani huo hupatikanaje? Kwa kawaida abiria hupewa karatasi ya maswali mwishoni mwa ziara yake: umenunua nini, kwa kiasi gani, mlikuwa wangapi? Wanaojibu ni sehemu tu ya wote, nao hujibu kwa kumbukumbu. Tuseme wote wamejibu kwa uaminifu. Hapo ndipo sisi walimu tunapopaswa kuuliza wastani wenyewe unatuambia nini. Tuchukue abiria kumi. Watano hawakununua kitu. Wanne walinunua vitu vya dola 20 kila mmoja, kofia au chupa ya mchuzi wa pilipili. Wa kumi alinunua pete ya dola 920. Jumla ni dola 1,000, wastani ni dola 100 kamili. Lakini ukiwapanga kwa mstari kutoka mdogo hadi mkubwa, yule anayesimama katikati hana hata dola 20. Muuza kofia anayesubiri dola 100 kutoka kwa kila anayepita atasubiri mpaka meli iondoke. Mfano huu ni wetu, wa ubaoni, lakini haukutoka hewani: vito na saa ni miongoni mwa vitu vinavyobeba sehemu kubwa ya matumizi katika bandari za Karibi, pamoja na safari za matembezi na vyakula.

Tuifuate basi hiyo pete, maana ndani yake mna somo ambalo mtoto wa Kongo atalielewa haraka kuliko mtoto wa Ulaya. Mojawapo ya vito vinavyouzwa sana katika maduka ya bandari za Karibi ni tanzanite. Jiwe hilo huchimbwa mahali pamoja tu duniani, Mererani, kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Kilimanjaro, lilikogunduliwa mwaka 1967. Mchimbaji hulitoa chini ya ardhi Mererani. Mara nyingi hukatwa na kung'arishwa Jaipur, India. Husafirishwa mpaka kisiwa cha Karibi. Huwekwa kwenye kabati la kioo katika duka ambalo huenda mwenyewe anaishi kwingine. Huuzwa kwa Mmarekani aliyepita kwa saa sita. Katika hesabu ya siku ile, dola 920 zote zinaandikwa kwa jina la kisiwa. Lakini kisiwani kimebaki nini? Mshahara wa binti aliyesimama nyuma ya kabati, kodi ya pango ikiwa mwenye jengo ni mwenyeji, na ushuru ikiwa duka halikusamehewa. Nyingine zimekwisha kuondoka kabla meli haijavuta nanga. Sisi wa nchi ya kobalti na koltani hatuhitaji kueleweshwa kwamba mahali kitu kinapouzwa na mahali utajiri wake unapobaki ni mahali pawili. (Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilikamilisha ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo ya Mererani, ili ijue angalau ni mawe mangapi yanayotoka. Huo nao ni mtindo wa kupima, ingawa ni wa gharama.)

Safari za matembezi zina hadithi inayofanana. Abiria hununua tiketi ya basi na maporomoko ya maji akiwa bado melini. Meli huchukua kamisheni yake, mara nyingi nono, na mwenye basi hupata kilichosalia. Mkadiriaji mwangalifu huhesabu kile tu kilichomfikia mwenye basi. Asiye mwangalifu huandika bei iliyolipwa melini. Karatasi zote mbili zitasema "mapato ya matembezi", na msomaji hataona tofauti asipouliza.

Uchunguzi ule wa 2017/2018 wenyewe unatupa njia ya kuuliza. Unataja ajira 78,954 na mishahara ya dola milioni 902.7, ukiziunganisha kazi za moja kwa moja na zile zinazozaliwa na kazi hizo. Tuliwapa wanafunzi wetu wagawanye. Kila ajira ilipata kama dola 11,400 kwa mwaka, na mishahara yote ni kama dola 27 katika kila dola 100 za ile jumla ya bilioni 3.36. Hatusemi kwamba zile 73 zote zimepotea. Miongoni mwake mna kodi, mna faida ya wafanyabiashara wenyeji, mna matengenezo ya gati. Lakini mna pia bidhaa zilizoagizwa kutoka nje na faida iliyorudi nje. Anayenukuu bilioni 3.36 kama mali ya wenyeji anamhesabia muuza sambaza mauzo yote kana kwamba samaki walijileta wenyewe sokoni.

Mji wa Falmouth, kaskazini mwa Jamaika, ni mfano ambao vijana wanaweza kuushika. (Jamaika, mtafurahi kujua, imegawanywa katika parokia 14, ila ni parokia za serikali, Falmouth ndio makao ya parokia ya Trelawny.) Ni mji wa kale, ulioanzishwa mwaka 1769, wenye wakazi wasiofika 10,000. Mamlaka ya bandari ya nchi ile ilishirikiana na kampuni ya Royal Caribbean kujenga gati la kupokea meli kubwa kupita zote za wakati ule, zinazobeba abiria zaidi ya 5,000, nalo likaanza kazi mwaka 2011. Ili meli ziingie, ilibidi kuchimba kina cha bahari, na kabla ya kuchimba, matumbawe mengi yalihamishwa. Ndani ya uzio wa bandari yalijengwa maduka. Abiria akishuka anakutana kwanza na maduka hayo. Kisha mabasi yanampeleka Montego Bay au kwenye maporomoko ya Dunn's River, mbali na Falmouth. Wauzaji wa mjini wamelalamika tangu mwanzo kwamba watu wanaonekana wengi lakini mlangoni pao hawafiki. Kwa takwimu za taifa, abiria hao wote wameitembelea Jamaika, na ni kweli. Kwa mwenye kibanda barabara ya pili nyuma ya uzio, wameipita. Namba moja haiwezi kusema habari za wawili hao kwa pamoja.

Kipimo kingine ni kulinganisha. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi yao juu ya mji wa Bergen, Norwe, wakaonyesha kwamba wageni wa meli hutumia fedha kidogo kuliko watalii wengine. Kichwa cha makala yao kilisema, kwa maana, tumbo limejaa na mkoba umefungwa. Hakuna ajabu: anayelala hotelini hula jioni, hunywa chai asubuhi, hupanda teksi, hununua dawa ya kichwa. Huko Jamaika pia, sehemu kubwa mno ya fedha za utalii huletwa na wanaolala, si wanaopita. Bandari inayopima meli peke yake haioni jambo hili. Ingepaswa kuuliza: je, umati wa saa sita unamfukuza mgeni wa usiku tano? Na ile fedha ya gati, kama ingejenga barabara ya kufika ufukwe mwingine, ingezaa nini?

Na gharama ziko wapi? Katika taarifa nyingi za faida hazimo kabisa. Kuchimba kina, polisi wa ziada, taka, maji, moshi wa mitambo inayounguruma gatini, barabara iliyoziba: hayo yote hulipiwa na mtu, lakini hayaandikwi kwenye ukurasa mmoja na zile dola 101.52. Bandari hutoza ada kwa kila kichwa ili zirudishe kitu, nazo ada zina kamba mguuni. Mji wa Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska, Marekani, ulitoza ada ya dola chache kwa kila abiria. Mwaka 2016 chama cha kampuni za meli kiliushtaki mji kwa jinsi ulivyozitumia fedha hizo, na mwezi Desemba 2018 hakimu akaamua kwamba zitumike kwa mambo yanayohudumia meli zenyewe. Kwa hiyo dola hiyo imeingia kwenye mfuko wa mji, lakini haiwezi kununua madawati ya shule. Mwenye kupima aseme hivyo.

Tunaukaa kidogo Juneau kwa sababu pale jambo limepimwa kwa uzito kuliko mahali pengi. Mji huo una watu kama 32,000, na hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Unafika kwa ndege au kwa maji. Mwaka 2023 ulipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6. Tena unatoza kodi ya mauzo ya asilimia 5, kwa hiyo maduka hutoa taarifa ya walichouza, na mji hauitegemei kumbukumbu ya abiria peke yake. Kisha ukaja mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulizuia meli kubwa zote. Msimu mzima ukapita gati likiwa tupu. Lilikuwa pigo kwa wengi. Lakini kwa mtu wa hesabu, mwaka ule ulikuwa mizani ambayo hakuna mtafiti angethubutu kuijenga: mji uleule, mlima uleule, bila meli. Kilichopungua katika kodi, katika kazi, katika mikate iliyookwa, hicho ndicho meli ilikuwa ikileta. Kisichopungua hakikuwa chake, hata kama taarifa zilikuwa zimekiandika kwa jina lake.

Tusije tukaonekana kama wanaowaombea wenzetu gati tupu. Mwaka 2020 wenye mabasi ya Juneau hawakufurahia utulivu, na mpagazi wa Falmouth hakununua unga kwa hewa safi. Mji wa Juneau ulikubaliana na kampuni kwamba kuanzia 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku, kisha ikaongezwa mipaka ya idadi ya vitanda vya abiria kuanzia 2026: 16,000 kwa siku, na 12,000 siku ya Jumamosi. Mwezi Oktoba 2024 baadhi ya wakazi walipendekeza Jumamosi zisiwe na meli kubwa hata moja. Kura ikapigwa, wengi wakakataa. Tunaamini walikataa wakijua wanachokataa, kwa sababu walikuwa na namba zao mikononi na walikwisha kuona mwaka wenye meli na mwaka usio na meli. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mji unaojipimia na mji unaopimiwa.

Maana jambo linalotusumbua hasa ni hilo: nani ameshika mizani. Uchunguzi ulioagizwa na wenye meli si lazima uwe wa uongo; huu tuliounukuu umetufaa hata sisi. Lakini anayelipia kipimo ndiye anayechagua swali, na wenye meli hawana sababu ya kuuliza fedha zimelala wapi usiku ule. Meli ina magurudumu, kwa namna ya kusema: bandari ikipandisha ada, inaweza kugeuza njia. Hata hofu ya maharamia huigeuza. Baada ya meli moja ya kitalii kushambuliwa karibu na pwani ya Somalia mwaka 2005, kampuni nyingi ziliikwepa Afrika Mashariki kwa miaka. Kampuni ile tuliyoitaja ina ofisi yake kuu Miami, na kisheria imeandikishwa Liberia, katika bara letu hili, ingawa sidhani kama watoto wa Monrovia wameona tofauti. Gati lenyewe haliwezi kuhama. Deni la gati haliwezi kuhama. Kwa hiyo anayebaki ndiye mwenye haja ya kujua, naye ndiye mara nyingi asiye na mtafiti.

Maoni yetu, basi, ni kwamba bandari yoyote inayoalikwa kwenye biashara hii, iwe Mombasa au kwingine, ianze kupima kabla meli ya kwanza haijafika, kwa fedha yake na watu wake. Iwaulize wauzaji si chini ya inavyowauliza abiria. Na ikatae kuchapisha wastani bila kutaja yule anayesimama katikati. Hesabu hizi si za maprofesa peke yao. Kujumlisha, kutoa, kugawanya: ni za darasa la sita.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye gati lile la Kivu na karatasi mpya. Safari hii ilikuwa na safu tatu: umeuza, umetumia kununua, umelipa ushuru na usafiri. Kati ya wauzaji ishirini, kumi na wawili tu waliweza kujaza zote. Wengine walituambia kwa haya kwamba hawajawahi kuzihesabu hizo nyingine. Mama wa sambaza alikuwa wa kwanza kujibu. Aliuza franka 64,000. Akataja samaki, mafuta, chumvi, mkokoteni, ushuru wa soko, na franka 500 za mtoto aliyemfukuzia nzi. Yule kijana wetu akatoa, akatoa tena, akamsomea jibu: 9,500. "Ndivyo," mama akasema, "sasa andika hiyo."